Wiridi Kutoka Compton

Jumatatu

Albamu yenyewe ni To Pimp a Butterfly ya rapa Kendrick Lamar, mzaliwa wa Compton kule California. Ilitoka Machi 2015, ina nyimbo 16 na inakaribia dakika 79. Kwenye simu yangu imekaa miaka, ila kazi yake ilikuwa moja tu: kupimia spika. Mimi ni fundi wa spika Luthuli Avenue, Nairobi, na besi ya wimbo wa kwanza huonyesha upesi kama koili imekaa sawa au inakwaruza. Kazi hii humzoeza mtu kusikiliza waya, mwimbaji akapita kando.

Aliyenichokoza ni msaidizi wangu dukani. Ni kijana wa Dandora, mtaa uliotoa kundi la rap la Kalamashaka, kwa hiyo kwake hip-hop ni mambo ya nyumbani, na albamu hii ameihifadhi yote. Anasema watu wameisikia vipande vipande ilhali imepangwa kama safari: ina kutoka, ina kupotea, ina kurudi, na ukiruka kituo hufiki. Nikamwambia hayo hata kwetu Majengo tunayajua. Watu wa twarika, njia za kisufi, husema muridi, yaani mwanafunzi wa njia, hajichagulii wiridi, ule uradi wa kukariri kila siku. Hupewa na sheikh wake, akaambiwa soma hiki, kwa kiasi hiki, usizidishe mpaka nikwambie. Kijana akanitazama, akatabasamu. "Basi mzee, wiki hii mimi ndio sheikh."

Ndivyo tulivyokubaliana. Kila jioni tukifunga duka ananiwekea kipande cha siku kwenye simu na kufuta cha jana. Nisikilize kwa miguu, kutoka Luthuli hadi kwetu Majengo ya Pumwani, na asubuhi nikirudi kazini. Hakuna kuruka, hakuna kuchungulia ya kesho, na hakuna kusikiliza nikiwa na bisibisi mkononi.

Leo amenipa nyimbo tatu za mwanzo. Kwanza ni mchakaro wa santuri ya zamani, Mjamaika Boris Gardiner akiimba kwamba kila mtu mweusi ni nyota, kisha besi ya Thundercat inaingia kwa kishindo na mzee wa funk, George Clinton, anaanza kuropoka hekima. Jina la wimbo, Wesley's Theory, linamkumbusha Wesley Snipes, mwigizaji aliyefungwa kwa kesi ya kodi. Katikati inaingia simu: Dr. Dre, mtayarishaji mkongwe wa rap, anamwambia kijana kwamba nyumba kila mtu anaweza kuipata, kazi ni kuishikilia. Ubeti wa pili anayesema ni Marekani yenyewe, Mjomba Sam, anamwuliza kijana anataka gari au nyumba, achukue tu, hesabu baadaye. Nilikuwa River Road wakati huo. Duka la makochi limeandika LIPA POLEPOLE kwa rangi nyekundu mlango mzima, na simu ikanitetemekea mfukoni na ujumbe wa mkopo ambao sikuuomba.

Wanachuoni wetu hutaja daraja za nafsi, kwa majina yanayotoka katika Kurani. Ya chini kabisa ni nafsi ammara, ile inayoamrisha maovu, isiyoshiba. Nyimbo hizi zote ni zake. Hata ule wa Kunta Kinte, mtumwa wa riwaya ya Alex Haley aliyekatwa mguu asitoroke, umejaa majivuno: mmenikata mguu na bado mimi ni mfalme. Niliupenda mno. Nilitembea kwa mdundo wake kutoka Race Course Road mpaka Kamukunji, nikawapita hata wenye haraka.

Halafu muziki ukakatika. Sauti kavu, bila ala, ikamwambia mtu asiyetajwa kwamba anamkumbuka alivyokuwa na mgogoro moyoni, akiutumia vibaya ushawishi wake kwa watu. Maneno hayo tu, na kipande changu kikaisha. Nikabaki na hedifoni bubu katikati ya wafua mabati, nikijiuliza huyo anayeambiwa ni nani.

Jumanne

Mchana nilikuwa na spika ya inchi 15 iliyoletwa kutoka kwenye matatu ya Umoja, karatasi yake imechanika karibu na ukingo. Mwenye matatu anataka iwe tayari kabla ya wikendi na anapiga simu kila saa. Kuziba ni kazi ya subira. Unafagia vumbi kwa brashi kavu ukifuata mzunguko wa karatasi, unapaka gundi nyembamba kwa ncha ya kidole, unabandika kipande cha karatasi laini kisichozidi ukucha, unakikandamiza mpaka mwanya usionekane ukishika spika dhidi ya balbu. Kisha unaiacha. Ukiipigisha gundi ikiwa mbichi, inachanika palepale na mwanya unakuwa mpana kuliko wa kwanza. Mwenye matatu haelewi kwa nini spika iliyokwisha kuzibwa imelala mezani kutwa nzima. Kijana wa Dandora akamjibu kwa niaba yangu, kwa Sheng ambayo sitaiandika.

Jioni, nyimbo mbili. Wa kwanza unamhusu rafiki wa mtaani aliyepelekwa kwenye sherehe ya tuzo, na badala ya kutazama jukwaa anahesabu saa na mikufu ya matajiri, akiwaza jinsi ya kuwapora. Umenifurahisha, nikapita. Wa pili unahusu kuta, na hapo pana mengi, ingawa sitayaeleza yote maana mama yangu husomewa ninayoandika. Kuta ni mwili wa mwanamke, kisha zinakuwa kuta za jela, kisha dhamiri ya mtu. Mwishoni unagundua anayeimbiwa ni mfungwa aliyemuua rafiki wa mwimbaji, na kwamba mwimbaji amelitumia jina lake kubwa kumwendea mama wa mtoto wa yule mfungwa. Kisasi kilichovaa mavazi ya mapenzi. Mdundo mtamu, maneno machafu, nami napita mbele ya msikiti wa Riyadha watu wakitoka magharibi. Nikainamisha kichwa, ingawa masikio yalikuwa yangu peke yangu.

Ile sauti kavu ya jana ilirudi, na sasa nikajua ni shairi. Na hapa ndipo nilipoanza kumwelewa sheikh wangu. Halikuendelea pale lilipoishia jana. Lilianza upya, neno la kwanza, anamkumbuka alivyokuwa na mgogoro, kisha likasogea: hata yeye msemaji alifanya vivyo hivyo, akajaa kinyongo, kinyongo kikageuka huzuni nzito, akajikuta anapiga kelele peke yake katika chumba cha hoteli. Likakatwa.

Sikio linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Linayapokea yale linayoyajua kwa utulivu, na linasubiri lile moja jipya. Aliyekulia kwenye maulidi anaijua hali hiyo.

Jumatano

Wimbo mmoja tu. Nikamwuliza kijana kama amesahau mengine. "Hapana mzee. Huo unatosha."

Jina lake ni herufi moja, u, yaani wewe, na haufiki dakika tano. Mtu amejifungia chumba cha hoteli na anajipigia kelele mwenyewe kwamba kujipenda ni kugumu. Saksofoni inalia nyuma yake, haifuati mdundo, inatangatanga. Mhudumu wa usafi anagonga mlango, anaita kwa Kihispania, hafunguliwi. Sehemu ya pili sauti imebadilika: amelewa, anameza machozi pamoja na pombe, unasikia chupa. Na tuhuma anazojitupia ni za kawaida sana, ndiyo maana zinauma. Mdogo wake wa kike alipata mimba akiwa bado mtoto, na yeye aliyekuwa akiwahubiria maelfu jukwaani hakuwa na neno kwake. Rafiki yake alilala hospitali mpaka akafa, na yeye alimpigia simu ya video badala ya kupanda ndege.

Hilo la simu ya video lilinisimamisha. Nairobi hii tunalijua vizuri kwa jina jingine. Mtu amelazwa Kenyatta, kundi la WhatsApp linaundwa, wewe unatuma mia tano kwa M-Pesa, unaandika "pole sana, tuko pamoja", na unaendelea na siku yako. Matanga yakija unatuma tena. Jina lako liko kwenye orodha ya waliochanga, namba tisa au kumi, na hakuna atakayekuuliza kama ulifika.

Kuna shairi letu la zamani linaloufanya mchezo huuhuu. Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, wa Pate, haimkemei jirani wala mfalme. Mshairi anaugeukia moyo wake mwenyewe na kuukaripia ubeti baada ya ubeti: huoni, husikii, huoni majumba ya Pate yaliyokuwa na taa za fahari sasa yamekaliwa na popo? Lakini Sayyid Abdalla anakaripia kwa adabu. Vina vimekaa, mizani haikosei, hasira imetandikiwa mkeka. Huyu wa Compton amevunja hata mizani. Sauti inapanda mpaka inakatika, maneno yanamezwa, na ukiwa fundi wa sauti kama mimi unatambua kwamba kuna kelele ambazo ungezisafisha kama ingekuwa kazi ya mteja, na wao wameziacha makusudi.

Ndiyo nafsi lawwama, inayojilaumu. Mwenyezi Mungu ameiapia katika Sura ya Kiyama, na kitu hakiapiwi kikiwa duni. Watu husahau hilo. Hudhani kujilaumu ni ugonjwa wa kutibiwa upesi, mtu apewe maneno ya kumtia moyo, atoke. Katika safari, hiki ni kituo, na kiko juu ya kile cha Jumatatu.

Nilikuwa nimefika kwa wafua chuma wa Kamukunji. Wale hawapumziki mpaka giza liingie. Kuna mmoja anakunja bati kuwa sanduku, anapiga nyundo mara mbili nyepesi na ya tatu nzito, na wenzake pembeni kila mtu ana hesabu yake. Nilizivua hedifoni. Nilisimama pale kiasi, mvua ya rasharasha ikianza, mpaka mwenye mkokoteni akanifokea nimwondokee njiani.

Usiku mama aliniuliza mbona sijamaliza wali. Nikasema nimechoka.

Alhamisi

Leo kipande ni kirefu, na kinaanza kwa wimbo ambao hata wasioijua albamu wanaujua, ule wa kusema tutakuwa salama. Pharrell Williams na Sounwave ndio walioutengeneza. Julai 2015 waandamanaji wa Cleveland waliuimba mbele ya polisi, na tangu hapo umekuwa wimbo wa barabarani. Juni 2024, vijana walipojaa katikati ya Nairobi kuupinga Mswada wa Fedha, mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa chuma wa duka nikiwasikia wakipita na firimbi na vuvuzela, moshi wa machozi waliorushiwa ukinifikia chini ya mlango. Ningekuwa nimeusikiliza wimbo huu peke yake ningesema ni wimbo wa matumaini, basi. Ukiusikia baada ya kile chumba cha hoteli, unajua anayesema tutakuwa salama amesimama karibu sana na dirisha.

Na shetani hajaondoka. Katika wimbo unaofuata anaitwa Lucy, mwanamke mwenye sauti tamu, na hakuna haja ya kueleza ni kifupi cha jina gani. Hamtishi. Anamwahidi kumtoa mama yake Compton, kumlipia nyumba, kumpa kila alichokiota, na anataka sahihi tu. Babu zetu walisema ibilisi wa mtu ni mtu. Huyu amevaa manukato na ana mkataba.

Kisha anarudi nyumbani. Kendrick alizuru Afrika Kusini mwaka 2014, akafika hadi Robben Island alikofungwa Mandela, na albamu nzima iligeuka mwelekeo kutokana na safari ile. Katika wimbo wa Mama, anaorodhesha yote anayoyajua, moja moja, kwa majigambo, mpaka anakiri kwamba siku aliyorudi nyumbani aligundua hajui kitu. Anakutana na mtoto anayefanana naye, nywele zimesokotana, anayezungumza naye kama aliyekuwa akimsubiri. Mimi huyu mtoto namsadiki kuliko wahusika wote wa albamu. Kisomo chetu kina kisa cha Musa na yule mja aliyemwongoza kando ya bahari, ambaye wengi humwita Khidhri, na alama ya mwalimu wa aina hiyo ni kwamba hafanani na mwalimu.

Ni usiku wa kuamkia Ijumaa, na tumo Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, matwari yanasikika Majengo karibu kila uchochoro. Hapa ndipo mahali pa zamani katika Nairobi ya Waafrika. Mtaa huu ulianzishwa miaka ya 1920, na wazee waliuleta Uswahili wao na uradi wao kutoka pwani, Tanganyika na hata Manyema. Nilimwalika kijana aje aone zikri, kumtaja Mungu kwa kukariri. Yeye ni Mkatoliki, akasimama mlangoni na viatu mkononi, hajui avivae au avishike.

Mduara wa wanaume, mabega yamegusana. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa akiongoza, mzee aliyefundisha madrasa maisha yake yote na ana kifua kikubwa kuliko umri wake. Kwanza kalima nzima, la ilaha illa Llah, polepole, vichwa vikienda kulia na kurudi kushoto upande wa moyo. Kasi inapanda. Kalima inafupishwa, linabaki Jina peke yake. Kasi inapanda tena, Jina nalo linayeyuka, inabaki pumzi, Hu, Hu, watu arobaini wakivuta na kutoa kwa pamoja hata vioo vya kabati vinatikisika. Kijana akaniinamia sikioni. "Mzee, hii iko na besi."

Iko nayo kweli. Lakini nilikuwa nikiwaza jambo jingine. Shairi la albamu lilikuwa limerudi tena jioni ile, limefika alipokuwa akikimbia kutafuta majibu mpaka akafika nyumbani. Kila likirudi linaongezeka. Zikri kila ikirudi inapungua. Moja inajivika maneno, nyingine inajivua. Zote mbili ni kukariri, na zinakwenda pande mbili tofauti kabisa, na sikujua bado hilo lina maana gani kwa yule msafiri wa Compton.

Ijumaa

Nimepewa wimbo mmoja tena, na mahali pa kuusikiliza: nje ya msikiti baada ya sala, watu wakitawanyika. Kijana anaujua mtaa kuliko nilivyodhani.

Kisa ni chepesi. Mwimbaji yuko kituo cha mafuta Afrika Kusini, na gari la kifahari. Maskini anamkaribia na kumwomba randi kumi. Kumi za randi hazifiki mia ya Kenya. Anakataa, kwa hakika kwamba huyu ataenda kuvuta dawa za kulevya. Maskini haondoki, anamkazia macho. Anamwuliza kama amewahi kuisoma Kutoka sura ya 14, ile ya kuvuka bahari. Mwimbaji anakasirika zaidi, anajitetea kwamba jasho lake ni lake. Na mwisho maskini anamwambia kwamba yeye ni Mungu, na ile dola inayoulizwa bei katika jina la wimbo, bei yake ni nini: ni nafasi yako peponi. Hapo inaingia sauti ya Ronald Isley, mzee kabisa, inaomba toba kwa niaba ya kijana aliyekosa maneno.

Barack Obama alisema huu ndio wimbo alioupenda kuliko yote mwaka ule wa 2015, mwaka uleule aliokuja Nairobi Julai na barabara zikafungwa. Huwa nacheka kidogo nikikumbuka, kwa sababu jalada la albamu ni picha nyeusi na nyeupe ya wanaume na watoto weusi, wengi vifua wazi, wakishangilia na pesa mikononi mbele ya Ikulu ya Marekani, na hakimu Mzungu amelala chini macho yamepigwa misalaba. Aliyekuwa akikaa ndani ya nyumba ile akaupenda wimbo wa ombaomba.

Sasa, mama. Kila Ijumaa huvunja noti mbili kuwa sarafu, huzifunga kwenye kitambaa na kunipa nikagawe kwa wanaokaa ukutani nje ya msikiti. Sharti lake ni moja: nianze mwanzo wa mstari, nimalize mwisho, nisiangalie uso. Na kwenye mstari ule wapo ambao mtaa mzima unawajua kwamba wana vyumba vya kukodisha. Wapo watoto wenye chupa ya gundi iliyofichwa kwenye mkono wa sweta, unainusa kabla ya kuwaona. Nilikuwa nikigawa huku wimbo ukiendelea, na mara nikafika kwa mmoja wao, akanyoosha mkono ule usio na chupa. Kidole gumba kimepasuka, ukucha mweusi, kwenye kiganja ameandika namba ya simu kwa kalamu ya bluu nayo jasho limeanza kuifuta. Sijui ni namba ya nani. Nikaweka sarafu juu ya tarakimu, akafunga mkono.

Wakati wa chakula nikamsimulia Mjomba kisa cha wimbo. Hakupenda. "Hapo mwimbaji wako amepotea njia, mwanangu. Mwenyezi Mungu hafanani na kitu. Hajigeuzi ombaomba akakaa kituo cha petroli."

Mama akajibu kabla sijafungua mdomo. "Na ile hadithi? Siku ya Kiyama mja ataambiwa, nilikuomba chakula hukunilisha. Si mlitusomea wenyewe?"

"Imo kwa Imamu Muslim, ni sahihi," Mjomba akasema. "Lakini imalize. Mja atauliza, Mola wangu, nitakulishaje nawe ndiwe Mola wa viumbe vyote? Aambiwe, fulani mja wangu alikuomba, hukumlisha. Lau ungemlisha ungeyakuta hayo kwangu. Kwangu, umesikia? Hakusema ndiye mimi."

Mama akamwongezea mchuzi. "Mimi nasema hivi, huyo kijana alinyimana. Mengine yenu."

Kwa upande wa itikadi, Mjomba ameshinda, na tofauti aliyoionyesha ni kubwa. Katika hadithi ombaomba anabaki ombaomba mpaka mwisho, hana siri yoyote, na thamani yake haitegemei kufichuliwa. Katika wimbo, mwimbaji anatetemeka kwa sababu maskini amegeuka kuwa mtu mkubwa. Kama angebaki mvuta dawa wa kawaida, je, toba ingekuja? Kijana nilipomweleza jioni alinyamaza hatua kadhaa, kisha akasema na kwao, Mathayo 25 inasema karibu vilevile, na akabadilisha mazungumzo.

Mtaa tunaofanyia kazi umepewa jina la Albert Luthuli, Mwafrika Kusini aliyepata Nobeli ya amani ya mwaka 1960. Naupita kila siku. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeinua macho nikakitazama kibao.

Jumamosi

Siku ya kujaa Gikomba. Marobota ya mtumba yanakatwa tangu alfajiri, wachukuzi wanapita na mizigo mikubwa kuliko wao, na mara mbili waya wa hedifoni ulinaswa kwenye mkokoteni. Nyimbo za leo ni za rangi ya ngozi na ghadhabu. Ule anaoimba na Rapsody ni mpole na nilimtumia binti yangu, kwa sababu ya zile krimu za kujichubua zinazouzwa River Road kwa jina la urembo. Ule mwingine, wenye sauti nzito ya Mjamaika Assassin, ni wa hasira tupu dhidi ya ubaguzi, na mstari wa mwisho anaigeuza bunduki kuelekea kwake: analilia nini Trayvon Martin, kijana mweusi aliyeuawa kwa risasi kule Marekani, ilhali yeye mwenyewe genge limemfanya amuue mtu mweusi kuliko yeye? Niliukubali. Sina la kuongeza. Spika ya matatu ilichukuliwa saa saba, salio akaahidi kutuma jioni, hajatuma.

Jumapili

Kijana alitaka la mwisho tulisikilize pamoja, kwa hiyo tulikaa Kariokor kwenye vibanda vya nyama choma, hedifoni moja sikio lake, nyingine langu, ugali na kachumbari mbele yetu.

Wimbo wa kujipenda, ule unaoitwa i, tayari ulikuwa umempatia Kendrick tuzo mbili za Grammy Februari 2015, kabla albamu haijatoka. Lakini kwenye albamu hakuuweka ule uliopata tuzo. Ameweka mwingine unaosikika kama uko jukwaani mbele ya watu, na kabla haujafika mwisho ugomvi unazuka kwenye umati. Anausimamisha muziki. Anawauliza tumezika wangapi mwaka huu peke yake, kisha anawapa somo kuhusu wafalme wa Uhabeshi, bila ala, pumzi tu na mdomo. Kijana anashikilia kwamba hapa ndipo msafiri alipofika: aliyejipigia kelele Jumatano sasa anawatuliza wengine.

Kisha wimbo wa mwisho, dakika kumi na mbili. Anamtaja Mandela, anawauliza mashabiki kama watabaki naye mambo yakiharibika. Shairi linaanza tena, neno la kwanza, na safari hii halikatwi. Mgogoro, kinyongo, hoteli, Lucy, nyumbani, hatia ya aliyenusurika wenzake wakiwa bado vitani, mpaka mwisho. Na hapo unajua alikuwa akimsomea nani. Ni Tupac, rapa aliyeuawa Las Vegas mwaka 1996 akiwa na miaka 25. Sauti yake imetolewa kwenye mahojiano aliyofanya mwaka 1994 na Mats Nileskär, mtangazaji wa redio wa Sweden, ikapangwa ikawa wanazungumza. Kiufundi ni kazi ya mkasi tu, naweza kukuonyesha ninapodhani wamekata. Bado nywele zilinisimama. Mjomba huenda makaburini na kuwatolea salamu waliomo, na hungoja kidogo kabla ya kuendelea, na siku zote nilitaka kumwuliza anangoja nini.

Mwishoni kijana wa Compton anasoma maneno mengine, ya kiwavi aliyefungwa kwenye kifuko chake na kipepeo anayetoka, anamwuliza mzee wake aonaje. Hajibiwi. Anamwita kwa jina. Hajibiwi. Albamu imekwisha.

"Sasa hiyo ndiyo mutmainna, nafsi iliyotulia?" nikamwuliza sheikh wangu. "Mutmainna haimwiti marehemu mara mbili."

"Mzee, alitulia kwa ule wimbo wa kwanza. Huu ni wa kushukuru."

"Amejaza maneno mpaka pomoni, na alipomaliza kuyajaza akaulizia daraja lake. Aliyefika haulizi."

"Basi ulitaka aishie kwenye i?"

"Angeishia pale ingekuwa harusi."

Akapiga meza, akasema mimi na mjomba wangu tunataka kila mtu afike kwa njia ya Majengo, na kwamba mwenye kumwita asiyejibu na bado akamwita ana utulivu kuliko watu arobaini wanaopumua pamoja. Nikamwambia hiyo ni hoja, ingawa ni ya mtu aliyeshika viatu mlangoni. Akacheka mpaka akasongwa na ugali. Akaniambia wiki ijayo ananianzishia albamu ya kwao Dandora, na huko hakuna mtu wa kunitafsiria kwa Kurani. Nikamwambia tutaona. Muhudumu akaleta bili, elfu moja mia mbili na hamsini, tukaanza ubishi mwingine wa nani alipe.